Homa Isiyosubiri Asubuhi

Leo ninasema zaidi na nyumba ambazo mtoto ameruhusiwa kutoka wodi ya saratani, amerudi kupumzika kidogo kabla ya mzunguko mwingine wa kemo. Ninasema pia na majirani wa nyumba hizo, na wenye maduka ya dawa, na nesi aliye zamu usiku huu katika kituo cha afya ambacho hakijawahi kuwa na daktari wa saratani. Nina jambo moja kubwa, na ninalisema mwanzoni ili hata atakayelazimika kuzima redio baada ya dakika mbili awe amelipata. Mtoto anayetibiwa leukemia, yaani saratani ya damu, akipata homa, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Homa yake haisubiri baba arudi safari, haisubiri Panadol ifanye kazi, na haisubiri kukuche.

Najua kuna wanaojiuliza kwa nini nizungumzie homa wakati mtoto ana saratani. Saratani ndiyo inayotutisha, homa tumeizoea. Lakini leukemia ya watoto siku hizi ni ugonjwa unaopona. Ile aina inayowapata watoto wengi, ambayo madaktari huiita ALL, huponywa kwa takriban watoto tisa katika kila kumi kwenye nchi zenye uwezo. Matibabu ni ya muda mrefu, miaka miwili hadi mitatu, na sehemu kubwa ya muda huo mtoto yuko nyumbani, anakula na wenzake na kulala kitandani kwake. Katika muda huo wote zipo nyakati ambapo dawa zinazoiua saratani zinamwacha bila kinga, na hapo ndipo bakteria wa kawaida kabisa anapoweza kummaliza mtoto ambaye saratani yake ilikwishaanza kushindwa.

Waingereza walifanya hesabu hiyo kwa uangalifu. Katika mpango wao wa matibabu ulioandikisha wagonjwa kuanzia mwaka 2003 hadi 2011, watoto na vijana 3,126 walitibiwa ALL, na 75 kati yao walikufa kwa maambukizi. Idadi hiyo ni ndogo ukiilinganisha na waliotibiwa. Lakini ukitazama vifo vilivyosababishwa na matibabu yenyewe badala ya saratani, maambukizi yalichukua asilimia 64. Na hao ni watoto wa nchi ambayo gari la wagonjwa likipigiwa simu huja, na maabara hufanya kazi usiku. Watoto wenye hali ya Down walikuwa hatarini kuliko wengine wote, na mzazi wa mtoto wa namna hiyo ninamwomba ayasikilize haya kwa masikio mawili. Shirika la Afya Duniani, lilipoanzisha mpango wake wa saratani za watoto mwaka 2018, liliweka lengo kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 60 ya watoto wenye saratani duniani wawe wanapona. Kwetu hapa, tukiwa na Muhimbili, Bugando na KCMC, na wenzetu wakiwa na Kenyatta, Eldoret na Mulago, dawa nyingi za msingi tunazo. Nionavyo mimi, tutalikosa lengo hilo kwa sababu ya usiku mmoja mmoja wa homa iliyosubirishwa, hata kama stoo za dawa zimejaa.

Sasa tuone kinachotokea mwilini. Ndani ya mifupa yetu mna uboho, na humo ndimo damu inamotengenezwa. Dawa za kemo huua chembe zinazogawanyika haraka. Saratani hugawanyika haraka, lakini uboho nao hugawanyika haraka, vivyo hivyo na ngozi laini ya mdomo na utumbo, na mizizi ya nywele. Ndiyo maana nywele hudondoka na midomo hutoka vidonda. Kati ya chembe zinazopungua zimo chembe nyeupe ziitwazo nyutrofili, ambazo kazi yake ni kuwahi mahali bakteria alipoingia na kumla. Mtu mzima wa afya aghalabu ana zaidi ya 1,500 za namna hiyo katika mikrolita moja ya damu. Zikishuka chini ya 500, mtoto yuko hatarini. Mwaka 1966, Gerald Bodey na wenzake walichapisha nchini Marekani utafiti uliokuja kuwa msingi wa fani hii. Walionyesha kwamba kadiri nyutrofili zinavyopungua, na kadiri zinavyokaa chini siku nyingi, ndivyo maambukizi yanavyoongezeka. Mzazi anayepewa karatasi ya kipimo cha damu, ile FBP, aulize: nyutrofili za mwanangu ni ngapi leo, na zinatarajiwa kushuka lini? Kwa dawa nyingi hushuka zaidi kati ya wiki moja na mbili baada ya dozi, yaani wakati ule ule ambapo mtoto amerudi nyumbani na kila mtu anadhani sehemu ngumu imepita. Mwezi wa kwanza wa matibabu ndio mgumu kuliko yote, kwa kuwa kabla hata ya kemo kuanza, saratani yenyewe ilikwishaujaza uboho na kuziondolea chembe nzuri nafasi.

Na hao bakteria wanatoka wapi? Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu akina mama wengi wamebebeshwa lawama isiyo yao. Mtoto akipata homa, wa kwanza kuulizwa ni mama: ulimpa nini, ulimwacha acheze wapi, ulimpeleka kwa nani? Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya maambukizi haya hutokana na vimelea ambavyo mtoto tayari anaishi navyo. Katika utumbo wa kila mmoja wetu wamo bakteria kama E. koli na Klebsiela, wametulia, hawamdhuru mtu. Kemo ikichubua ukuta wa utumbo, wanapata mlango wa kuingia kwenye damu, na wakiingia hawakuti nyutrofili wa kuwazuia. Wale wa kwenye ngozi hupita pale ilipochomwa kanula. Wa mdomoni hupita kwenye vidonda vya fizi. Mama anaweza kuosha mikono mpaka ikapauka, akachemsha kila tone la maji, na mtoto bado akapata homa saa nane za usiku. Usafi una maana kubwa, na nitaurudia, lakini homa haimshitaki mama. Nasema hivi kwa sababu mama anayeogopa kulaumiwa huficha homa mpaka asubuhi, akitumaini itashuka yenyewe.

Kuna jambo jingine linalowadanganya hata wahudumu wa afya. Tumezoea kwamba pafukapo moshi ndipo penye moto. Kwa mtoto huyu moto huwaka bila moshi. Usaha tunaouona kwenye jipu umetengenezwa kwa sehemu kubwa na hizo hizo nyutrofili zilizokufa zikipigana. Mtoto asiyekuwa nazo hatoi usaha. Kidonda chake kinaweza kuwa chekundu kidogo tu, basi. Nimonia yake inaweza isionekane kwenye picha ya eksirei siku ya kwanza. Tumbo linaweza kuuma upande wa kulia chini, lisiwe gumu sana kulishika, kumbe utumbo umeshambuliwa vibaya. Zaidi ya hapo, katika mwezi wa kwanza mtoto hupewa prednisoloni au deksamethasoni kila siku, na dawa hizi huweza kuizima homa yenyewe. Kwa hiyo mtoto wa leukemia ambaye mikono na miguu imekuwa ya baridi, anayepumua haraka, anayelala na kuamshwa kwa shida, anayelalamika tumbo au aliyeacha kukojoa, anakwenda hospitali hata kama kipima joto kinasema 36.8.

Kipima joto kiwepo nyumbani, cha kidijitali, na kijulikane kinakaa wapi. Hospitali nyingi zinatumia mpaka wa nyuzi 38.3 mara moja, au 38.0 zinazodumu kwa saa nzima. Kinachowekwa kwapani huonyesha pungufu kidogo, kwa hiyo baadhi ya madaktari huwapa wazazi namba ya chini zaidi. Shika ile uliyopewa na wanaomtibu mwanao. Kipimo kiwekwe kwapani au mdomoni. Kisiwekwe kamwe kwenye njia ya haja kubwa, na dawa ya kuingizwa njia hiyo isitumike, kwa sababu mchubuko mdogo pale ni mlango mkubwa wa bakteria.

Sasa njoo nami kwenye usiku wenyewe. Ni saa tano. Mtoto ana joto. Bibi, kwa mapenzi yake yote, anasema mpe Panadol alale, kesho tutaona. Homa inashuka saa sita, nyumba nzima inashukuru Mungu. Kumbe dawa imeshusha joto tu na bakteria wanaendelea kuongezeka kwenye damu. Panadol ina kazi yake, lakini kwa mtoto huyu itolewe baada ya kupimwa joto na baada ya kuongea na hospitali, tena wakati safari imekwishaanza. Isiwe sababu ya kubaki nyumbani.

Au mtu anatumwa duka la dawa. Muuzaji anauliza mtoto ana nini, anaambiwa homa, anatoa dawa ya mseto ya malaria. Simlaumu, maana ndivyo tulivyofundishwa wote kwa miaka: homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Siku hizi tumeongeza taifodi na UTI, na hayo ndiyo majibu matatu ambayo mgonjwa yeyote wa homa mjini huondoka na mojawapo. Malaria ipo, na mtoto wa leukemia anayetoka Kigoma au Mtwara anaweza kweli kuwa nayo, basi apimwe. Lakini kipimo cha haraka cha malaria kikitoka chanya, hakijamaliza maswali ya mtoto huyu. Anaweza kuwa na malaria na bakteria kwenye damu kwa wakati mmoja, na cha pili ndicho kitakachomwahi. Ulifanyika utafiti hapa Muhimbili mwaka 2001 na 2002, ukachapishwa mwaka 2007, uliowahusu watoto waliolazwa wakishukiwa kuwa na maambukizi ya damu. Hao walikuwa watoto wa kila aina, wengi wao hawakuwa na saratani. Waliokutwa na bakteria wa kundi la gram-hasi, kundi hilo hilo la kina Klebsiela, walikufa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya waliokutwa na malaria. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa watoto wenye kinga zao, wa kemo atasubiri nini?

Kuna historia fupi hapa ambayo napenda kila nesi aijue. Zamani, mgonjwa wa leukemia akipata homa, daktari alichukua damu, akaipeleka maabara kuotesha, akasubiri jibu siku mbili tatu ndipo achague dawa. Wengi walikufa kabla jibu halijarudi. Mwaka 1971 Stephen Schimpff na wenzake, Marekani, walieleza utaratibu tofauti: kuanza dawa mbili za kuua bakteria mara tu homa ilipotokea, bila kusubiri maabara. Mambo yalibadilika. Leo mwongozo wa kimataifa unataka dozi ya kwanza ya dawa ya mshipa iingie ndani ya dakika 60 tangu mtoto avuke mlango wa hospitali. Damu ya kuotesha ichukuliwe kwanza inapowezekana, lakini ikichelewa kupatikana chupa au ufunguo wa maabara, dawa isingoje chupa wala ufunguo.

Ninaposema dakika 60, nazifikiria foleni zetu. Kufungua faili. Kulipia au kuonyesha kadi ya bima. Kukaa kwenye benchi na watoto wengine ishirini wanaokohoa. Hapo saa mbili zimekwenda na mtoto hajaonwa, na amekaa karibu na mwenye surua. Mzazi, usione haya. Ukifika getini sema kwa sauti: mwanangu anatibiwa leukemia, alipewa kemo tarehe fulani, na ana homa. Toa kadi yake ya matibabu. Omba asikae na wengine kwenye foleni. Huko si kujipendelea, ndivyo miongozo inavyotaka. Na wewe uliye kwenye meza ya mapokezi, neno leukemia likifuatana na neno homa, simama.

Kituo kidogo cha wilayani nacho kina kazi ya maana kuliko kinavyojidhania. Mtoto akiwa saa sita za barabara kutoka hospitali kubwa, kumwandikia rufaa peke yake hakutoshi. Pigeni simu kwa timu inayomtibu, na mara nyingi mtaambiwa mmpe dozi ya kwanza hapo hapo kabla gari halijaondoka, seftriaksoni pamoja na jentamaisini au amikasini, kwa uzito wake, kwa mshipa, na maji ya dripu kama mzunguko wa damu ni dhaifu. Sindano ya msuli iepukwe, ile ya diklopa hasa, kwa sababu chembe za kugandisha damu nazo huwa chache na msuli unaweza kuvuja damu ndani. Dozi hiyo ya kwanza iandikwe saa iliyotolewa, mtoto abebe karatasi.

Nitoke kwenye dawa za homa niingie kwenye Septrin, kwa kuwa ina mambo yake. Karibu kila mtoto wa leukemia hupewa Septrin ya kunywa kwa siku mbili au tatu za kila wiki, miezi yote ya matibabu. Sababu ni kimelea kimoja kiitwacho Pneumosistisi, kinachosababisha nimonia mbaya kwa watu wasio na kinga. Walter Hughes, katika hospitali ya St. Jude mjini Memphis, aliwagawa watoto wa saratani makundi mawili ya watoto 80 kila moja. Kundi moja lilipewa Septrin, jingine dawa ya bandia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1977: katika kundi la dawa ya bandia watoto 17 walipata nimonia hiyo, na katika kundi la Septrin hakuna hata mmoja. Miaka kumi baadaye ikaonekana kwamba siku tatu kwa wiki zinatosha. Ni nadra kupata katika tiba jibu lililo wazi kiasi hicho, tena kwa dawa ya bei nafuu tunayoipata kila wilaya. Lakini mitaani kwetu Septrin inajulikana kama dawa ya wanaoishi na VVU, na mama akionekana na kopo lake majirani wanaanza kunong'ona. Basi anaificha, na dawa iliyofichwa husahaulika. Kwanza, anayeishi na VVU hana sababu ya kuona aibu wala ya kuficha dawa. Pili, dawa hii ilithibitishwa kwa watoto wa saratani kabla ulimwengu haujaijua UKIMWI. Mama, iweke juu ya meza na uimezeshe kwa siku ulizoambiwa.

Wageni sasa. Hili ni gumu kulisema katika jamii yetu, kwa sababu kumjulia hali mgonjwa ni wajibu, na asiyekwenda hutazamwa vibaya. Mtoto akirudi kutoka Muhimbili, mtaa mzima utakuja, wanakwaya, jumuiya, wanamsikiti, mashangazi kutoka mkoani, na kila mmoja ana mtoto mgongoni na anataka kumbusu mgonjwa. Mama hawezi kuwafukuza, mila haimruhusu. Basi kazi hiyo aichukue mtu mwingine, baba au mjomba, akae barazani na kuwapokea wageni huko huko. Nyutrofili zikiwa chini, wageni waishie barazani, wasalimie kutoka hapo, wanawe mikono hata kama hawaingii. Mwenye mafua asije kabisa, atume salamu. Na kama kweli tunampenda mtoto huyu, kile ambacho tungenunulia juisi na biskuti tukitume kwenye simu ya mama kiwe nauli ya homa. Nalisema hili kwa moyo wangu wote. Familia nyingi huchelewa hospitali usiku kwa sababu hakuna elfu thelathini ya teksi. Wanasubiri alfajiri daladala zianze. Kikundi cha VICOBA kinaweza kumaliza tatizo hilo kwa kikao kimoja.

Chakula kimezungukwa na hofu nyingi. Wazazi wengine huambiwa mtoto asiguse tunda lolote, asile mboga mbichi, asile hiki na kile, mpaka mtoto anabaki na uji mweupe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa kwa watoto 150 nchini Marekani, ulilinganisha watoto waliowekewa masharti makali ya namna hiyo na waliofuata usafi wa kawaida wa chakula tu. Maambukizi yalikuwa karibu sawa kwa makundi yote mawili. Kwa mtoto wetu ambaye mara nyingi huanza kemo akiwa amekonda, kumnyima embe ni kumdhulumu, kwa kuwa utapiamlo wenyewe huongeza maambukizi. Embe lioshwe kwa maji safi na limenywe nyumbani, papai vivyo hivyo. Yai liive, nyama iive. Maziwa yachemshwe, hasa yale ya kununua kwenye ndoo, na mtindi uliotokana nayo bila kuchemshwa asipewe. Maji yachemshwe. Tunda lililokatwa na kupangwa barabarani tusimpe, na kachumbari ya mgahawani isubiri.

Mdomo nao una haki yake. Mswaki laini kila asubuhi na usiku, na kusukutua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa. Fizi safi hufunga mlango mmoja.

Kuhusu waganga wa jadi sitaki kugombana na mtu. Najua familia nyingi hupita huko, wengine kabla na wengine katikati ya kemo. Ninaomba mambo mawili tu yasifanywe kwa mtoto aliye kwenye matibabu haya: asichanjwe chale, na asiingiziwe dawa yoyote kwa njia ya haja kubwa. Wembe ule na bomba lile hufungua ngozi ya mtoto asiye na kinga na ambaye damu yake haigandi vizuri. Kama kuna mzee wa ukoo anayesikiliza, sauti yako hapa ina nguvu kuliko yangu.

Tetekuwanga, ambayo kwa mtoto mwingine ni wiki mbili za kujikuna, kwa huyu inaweza kuingia mapafuni na kwenye ini. Mwalimu wa darasa aambiwe hivyo, na siku ile mmoja darasani atakapotoka vipele, mzazi apigiwe simu siku hiyo hiyo, kwa kuwa kinga inayotolewa baada ya kukutana na ugonjwa ina faida ikitolewa ndani ya siku chache za mwanzo. Surua ni mbaya zaidi. Uingereza, katika miaka ya sabini na themanini, surua iliwaua watoto wa leukemia ambao saratani yao ilikuwa imekwisha kudhibitiwa. Mtoto mwenyewe hawezi kuchanjwa surua akiwa kwenye kemo, kwa hiyo kinachomlinda ni chanjo za ndugu zake na za watoto wa jirani. Kinyume chake, matone ya polio ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na anayepewa matone hayo huvitoa kwa choo kwa wiki kadhaa. Timu ya kampeni ikibisha hodi, waambieni kwamba nyumbani yupo mtoto wa kemo, na daktari aulizwe kwanza kama ndugu zake wapewe ile ya sindano badala yake.

Kuna pia minyoo. Ipo aina moja, strongiloidesi, inayoingia kwa kupenya nyayo za mtoto anayetembea peku kwenye udongo wenye unyevunyevu, na inaweza kukaa mwilini miaka bila dalili. Mtoto akianza prednisoloni, minyoo hiyo inaweza kuzaliana ovyo na kusambaa mwili mzima, ikibeba bakteria wa utumbo hadi kwenye damu. Dawa yake ipo. Ninatamani kila wodi ya Afrika Mashariki iulize habari hii kabla ya dozi ya kwanza, kama inavyouliza kuhusu kifua kikuu cha watu wa nyumbani, kwa sababu miongozo mingi imeandikwa katika nchi ambako udongo huganda kwa baridi na minyoo hiyo hawaifikirii.

Hospitali nazo nizisemee kwa haki. Tunapowalaza watoto wawili kitanda kimoja, Klebsiela sugu huhama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine kwa mikono yetu sisi watu wazima. Usugu wa dawa umefika mahali ambapo seftriaksoni, tuliyoizoea kama jibu la kila kitu, mara nyingi haiwagusi tena bakteria wa wodini. Kila mtu aliyejinunulia kidonge cha sipro kwa ajili ya tumbo la kuendesha, kila aliyeacha dozi katikati, amechangia. Maji yanayotiririka, sabuni na sanitaiza kwenye kila kitanda ni vitu vya bei ndogo kuliko dawa ya meropenemu ya siku moja, na wizara isingoje mfadhili avilete.

Nimebakiza kazi moja kwa mzazi, ifanyike kabla ya kulala leo. Tafuta hospitali iliyo karibu kuliko zote inayoweza kumpa mtoto dawa ya mshipa usiku, nenda mchana uijue njia yake na mlango wake wa dharura. Andika namba ya wodi inayomtibu nyuma ya kadi yake na ukutani jikoni, ili hata dada wa kazi aione. Kubaliana na jirani mmoja mwenye gari, au bodaboda mmoja mnayemwamini, kwamba ukipiga saa yoyote ataamka. Weka nauli pembeni na isitumike kwa sukari. Na mkubaliane humo ndani, wewe na baba na bibi, kwamba kipima joto kikisoma namba ile mliyopewa hakuna kikao.